Umeme ukikatika, nyumba nzima ihamie kwenye moto mmoja

Mama mmoja wa Tabata kaniandikia, nafupisha maneno yake: "Shikamoo mwalimu. Mimi nyumbani napikia umeme, nina jiko la induksheni na raiskuka. Sasa mtaani kwetu transfoma ikizingua tunakaa hata siku mbili gizani. Tumepanga, na tuko sita, mimi na mume wangu, watoto watatu wa miaka 14, 10 na 6, na mama mkwe. Nikiwasha mkaa unaisha mbio, mtungi wa gesi wa kilo 6 nao hauchelewi, vya kwenye friji vinaoza, na kinachoniuma zaidi kila mtu anajifungia na simu yake mpaka chaji iishe alafu ndo ugomvi unaanza. Mimi nimekulia kijijini bila umeme na tulikaa pamoja vizuri tu. Nifanyeje? Au ninunue genereta?"

Marahaba mwanangu, na mfikishie salamu zangu mama mkwe, maana kwenye hili jambo huyo ndo mtaji wako na ntakuonyesha mbele kwa nini.

Mkaa kuisha na watu kujifungia vyumbani umeviandika kama vitu viwili, mimi naviona kimoja. Wakati ule wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, nilikuwa napata maswali kama lako kila wiki, na nikimuuliza mtu anieleze siku yake ilivyokwenda nakuta ni ile ile. Asubuhi anawasha jiko achemshe chai, linazima. Saa 5 anawasha abandike maharage, yanaiva saa 8, linazima. Jioni anawasha tena kwa ajili ya wali, saa 3 usiku baba anarudi anawasha mara ya nne kupasha. Yaani umeme umekatika ila yeye anaendelea kupika kiumeme. Jiko la umeme halidai kitu, ukibonyeza linawaka, ukibonyeza linazima, lakini mkaa kila unapouwasha unaunguza mwingi kabla sufuria haijakaa na mwingine mwingi unateketea bure sufuria ikishatoka. Na kwa kuwa moto unawaka vipande vipande, chakula nacho kinatoka vipande vipande, kila mtu anachukua sahani yake kwa muda wake anarudi chumbani, sasa hapo mtakutana saa ngapi?

Kwaiyo jibu langu lote limekaa hapa: siku ya giza nyumba iwe na moto mmoja mkubwa, uwashwe saa inayojulikana, na kila mwenye mikono awe na kazi kwenye huo moto. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Ila kabla sijaenda kwenye mapishi kuna jambo lazima tuliseme wazi. Umesema kijijini mlikaa pamoja vizuri. Naamini. Sasa jiulize, wakati nyie mko kwenye mkeka mnasubiri, nani alikuwa ameinama kwenye mafiga macho yamemwiva kwa moshi? Mama yako, na pengine na wewe mwenyewe ukiwa mtoto wa kike. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, huu wa kuni na mkaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaokaa karibu nao kuliko wote ni wanawake na watoto wadogo waliobebwa mgongoni. Mimi sitaki umeme ukikatika wewe ndo urudishwe zamani peke yako wakati wengine wanakaa pamoja. Kama ni pamoja, iwe pamoja kuanzia kwenye kuwasha moto. Mume wako akiwa nyumbani Jumamosi awashe yeye, mtoto wa kiume akune nazi, hakuna cha hii kazi ya nani.

Haya tuje kwenye jiko. Kama unatumia lile jiko la bati tupu, achana nalo, joto lote linatoka pembeni linakuchoma miguu. Nunua lenye udongo ndani, jiko sanifu au jiko bora kila soko wanaliita lao, lile lenye kiuno ambalo liliundwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya wataalamu kuchukua wazo la majiko ya ndoo ya Thailand. Udongo unashika joto na mkaa unapungua sana, theluthi nzima au zaidi ukilinganisha na bati. Angalia udongo usiwe na ufa, na kimlango cha chini kiwe kinafunga na kufunguka kabisa maana hicho ndo swichi yako, ukitaka moto mkali fungua, maharage yakishaanza kuchemka sukuma kifungwe nusu. Watu wengi wana jiko zuri alafu kimlango wanakiacha wazi tangu mwanzo mpaka mwisho, bora wangebaki na la bati.

Na hapa nisikilize kwa makini. Mkaa unawashwa nje, unapikiwa nje, na unazimwa nje. Watu wanadhani moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu basi jiko ni salama kuingia ndani, na hapo ndo linakuwa hatari zaidi kwa sababu kile kinachoua hakionekani wala hakinuki. Mkaa ukiungua unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, inaingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anasema ngoja nilale kidogo, haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia huko Nyanda za Juu watu wamelala na jiko ndani wapate joto na asubuhi wamekutwa wamekufa, familia nzima. Nyie Dar baridi hamna lakini mvua ipo, na mvua ikinyesha mtu anavuta jiko koridoni. Usifanye hivo hata siku moja. Mvua ikinyesha siku hiyo tumia gesi, ndo maana nasema huo mtungi wa kilo 6 uutunze kwa ajili ya siku za mvua na chai ya asubuhi.

Sasa kikapu. Ukishaelewa kikapu umeelewa nusu ya jibu langu, kwaiyo ntakaa hapa kidogo.

Maharage yakishachemka, ule moto unaoendelea kuwaka chini saa mbili nzima unafanya nini? Kazi yake kubwa ni kufidia joto linalopotea pembeni na juu ya sufuria. Kinachoivisha maharage ni joto lililomo kwenye maji, sasa ukilizuia lisitoke moto hauna kazi tena. Hiyo ndo maana ya kikapu cha kupikia. Uingereza wakati wa vita walitumia boksi limejazwa majani makavu kwa kazi hiyo hiyo, na Afrika Kusini mgao ulipowabana mwaka 2008 mama anaitwa Sarah Collins akaanza kutengeneza mfuko wa kitambaa anauita Wonderbag ambao umesambaa nchi nyingi. Wewe huhitaji kununua. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu, au ndoo, au boksi gumu la tivii, ujaze pembeni na chini kitu kinachoshika hewa: matambara, sponji la godoro chakavu lililokatwakatwa, sufi ya mto wa zamani, hata majani makavu ya mgomba. Unene usipungue upana wa kiganja pande zote. Acha shimo katikati linalobana sufuria yako vizuri, alafu shona mto mnene wa kufunika juu. Mama mkwe wako hii kazi ya kushona mto ataimaliza jioni moja na naomba umwachie yeye asimamie.

Sufuria ya kapuni isiwe na mpini mrefu, mfuniko wake uwe unabana, na ijae angalau theluthi mbili maana chakula kidogo kinapoa haraka. Maharage loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Bandika yachemke kwa nguvu, yaani yanarukaruka, dakika 30 kamili. Hapa usinipunguzie, maharage hasa haya mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka sawasawa, ukiyaweka kapuni yamepata vuguvugu tu sumu inabaki na nyumba nzima mtatapika. Baada ya hizo dakika 30 epua, usifungue mfuniko, funga sufuria na kitenge cha zamani, tia kapuni, mto juu, alafu ondoka. Usichungulie. Kila ukifungua unalipa kwa joto. Baada ya saa tatu au nne utakuta yameiva na bado yanaunguza mdomo, unayarudisha motoni kidogo tu kwa kuunga. Wali ni rahisi zaidi, uchemke dakika 5, uingie kapuni saa moja, ila maji punguza kuliko ulivyozoea kwa sababu hamna mvuke unaotoka, kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha maji panatosha. Nyama ya kuchemsha nayo inakubali, ichemke nusu saa kwanza, isizidi saa nne kapuni, na lazima ichemke tena kabla ya kuliwa.

Unaona sasa siku inavyokaa? Tuchukue siku ya kawaida ya shule. Asubuhi gesi dakika kumi, chai na maji ya moto kwenye chupa mbili, basi. Moto mkubwa unawashwa saa 10 alasiri watoto wakisharudi. Mkaa ukiwa mkali kabisa mwanzoni, maharage ndo yanakaa hapo yachemke, kwa sababu yanataka nguvu. Yakihamia kapuni, moto umeanza kutulia, hapo unabandika wali. Wakati wali unachemka, maharage yako yanaendelea kujipika kapuni bila kula kipande cha mkaa. Ikifika kama saa 2 usiku yatakuwa yameiva, na kama unataka mle mapema basi siku hiyo badala ya maharage weka choroko au kunde changa, hizo hazina ubishi. Makaa ya mwisho yale yanayofifia usiyamwagie maji, fukia humo viazi vitamu vya asubuhi, na juu weka sufuria la maji ya kuoga.

Baba akichelewa kwenye foleni, chakula chake kinamsubiri kapuni cha moto na hakuna anayewasha jiko saa 3 usiku. Hii peke yake itapunguza ugomvi, amini.

Nimekwambia kila mtu awe na kazi, sasa nikupe kazi yenyewe maana ukisema tu "njooni tusaidiane" hakuna atakayekuja. Blenda haifanyi kazi, sawa, toa mbuzi. Nazi ndo chakula kizuri kuliko vyote cha kuikusanya nyumba ya pwani gizani kwa sababu inadai mikono mingi na kila mkono una kazi tofauti. Mmoja anaivunja, na yule wa miaka 6 anasubiri na kikombe akinge madafu... maji ya nazi yenyewe, maana atayanywa yeye. Yule wa miaka 10 anakalia mbuzi anakuna, mwambie azungushe kifuu polepole aanzie ukingoni, akifika kwenye weusi aache, tui lisije likawa na rangi. Machicha yakishajaa bakuli unatia maji ya vuguvugu kidogo, unayakamua kwa mikono kwenye kifumbu au chujio, linatoka tui zito, hilo unaliweka pembeni. Unatia maji mara ya pili unapata tui jepesi. Tui jepesi ndo linaingia kwenye maharage kwanza pamoja na kitunguu na chumvi, lile zito linaingia mwisho kabisa huku mtu anakoroga upande mmoja bila kuacha mpaka lichemke, akiacha linakatika. Hapo mwite wa miaka 6 apewe mwiko ashike na bibi yake nyuma. Kitunguu saumu na tangawizi kinu kipo. Na mtu anayekuna nazi hashiki simu, huna haja ya kumkataza.

Wa miaka 14 usimpe kazi ya kitoto, atakasirika na atakuwa na haki. Huyo mpe moto wenyewe. Awe ndo mwenye jiko, yeye anawasha, yeye anajua kimlango kifunguliwe saa ngapi, yeye anaangalia saa dakika 30 za maharage zikitimia na ndo anatangaza yaingie kapuni. Mfundishe kupalia wali, maji yakishakauka anatoa makaa machache kwa koleo anayapanga juu ya mfuniko na chini anayapunguza, wali unakaukia juu na chini kwa pamoja. Akishaweza hivo siku nyingine ajaribu mkate wa kumimina kwa mtindo huo huo wa moto juu moto chini, unga wa mchele na tui na hamira umeshaumuka, sufuria imepakwa mafuta, na harufu yake ya iliki ikitoka hapo uani utaona wapangaji wengine wanatokea wenyewe. Ukoko wa wali nao uwe na utaratibu, leo wa huyu kesho wa yule, mimi nimeona ndugu wa damu wakinuniana kwa ajili ya ukoko.

Na hao wapangaji wengine usiwasahau, transfoma ni moja kwaiyo mko gizani wote. Kama mnaelewana, jiko moja kubwa likapikia nyumba mbili leo kwako kesho kwake, mkaa unatumika nusu na watoto wanacheza pamoja. Ila makubaliano yawe wazi nani anatoa nini, vitu vidogo hivi vya nusu kopo la mkaa ndo vinaharibu ujirani.

Friji nalijibu kwa ufupi. Umeme ukikatika usilifungue, likiwa limefungwa linashika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa inaweza kukaa siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, kwaiyo nafasi tupu za friza zijaze chupa za maji ziwe barafu. Gandisha pia kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu ya shilingi mia, kiache humo. Ukisafiri ukirudi ukakuta sarafu imezama chini, ujue umeme ulikatika vikayeyuka vyote alafu vikaganda tena, hivyo tupa bila huruma hata kama vinaonekana vizuri. Chakula kilichopikwa kwa joto la Dar kisikae wazi zaidi ya saa mbili, na ikiwa siku ya joto kali hata saa moja ni nyingi. Cha nazi kiliwe kiishe, tui linachacha upesi kuliko kitu chochote. Na wali kiporo ulioshinda mezani usiseme nitaukaanga utakuwa salama, kuna vijidudu vinaacha sumu kwenye wali na hiyo sumu haifi kwa kupasha.

Siku mkijua umeme una matatizo, badilisha manunuzi. Nyama ya siku hiyo tu, nusu kilo buchani ipikwe iishe. Samaki wa Feri wakaangwe siku ile ile wakauke. Alafu rudi kwenye vyakula ambavyo havijawahi kujua friji, dagaa wa Kigoma, kunde, njugu mawe, maziwa mgando. Kama una ndugu Usukumani waambie wakuletee nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ukiyapika na karanga hutakumbuka mchicha, na michembe ya viazi kwa ajili ya uji na chai ya watoto. Nyanya na matunda unaweza kuviweka kwenye chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaotiwa maji kila siku, mwalimu mmoja wa Nigeria marehemu Mohammed Bah Abba aliueneza sana mtindo huo na akapewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Unapoza kwa maji kukauka kwenye udongo, kwaiyo mtu wa Dodoma kwenye hewa kavu ataufurahia zaidi yako wewe wa Dar ambako hewa yenyewe imejaa maji. Mtungi wa maji ya kunywa lakini weka popote ulipo, chini ya kivuli kwenye upepo.

Tuje usiku wenyewe. Jua linazama mida ya saa 12 na nusu, kwaiyo daftari za shule zimalizike kwenye mwanga wa jua wakati wali unaiva, usiwaache waandike na kibatari. Kibatari na koroboi viondoke kabisa nyumbani kwako, moshi wake mbaya na kikipigwa teke ni moto. Mshumaa kama lazima ukae kwenye sahani yenye maji au mchanga, mbali na neti. Bora taa za sola, mbili, moja ya uani moja ya ndani, zianikwe asubuhi na yule wa miaka 10 na akisahau asikemewe na kila mtu, akumbushwe tu.

Tandika mkeka uani. Siku za giza msigawe sahani, pakueni kwenye sinia moja, au mbili kama mko na majirani. Mtoto mdogo apite na birika na beseni anawisha mikono, aanze kwa bibi, alafu baba, ashuke hivyo mpaka kwake. Usishangae jambo dogo kama hilo linavyotuliza watu. Kwenye sinia mtu hawezi kula na simu mkono wa pili huku anamegewa samaki na mwenzake, na pia unamwona nani hali vizuri leo, nani kanuna, vitu ambavyo kwenye sahani ya chumbani huvioni mpaka vimekuwa vikubwa.

Hapa ndo mama mkwe anaingia kazini. Usimwombe "awasimulie watoto", hiyo inakuwa kama mtihani. Anza wewe na vitendawili, sema "Kitendawili!" waitikie "Tega!" uwape rahisi, kuku wangu katagia miibani, nyumba yangu haina mlango. Wakishindwa udai mji. Wakikupa Chalinze ukatae, wakikupa Mwanza ukatae, bibi yao hatavumilia, ataingia mwenyewe na vyake ambavyo hata wewe huvijui, vya kwao, na kuanzia hapo wewe nyamaza. Akisema "Paukwa!" wao wanajua kuitikia "Pakawa!" basi umeshamaliza kazi. Kesho yake waambie watoto ndo wasimulie bibi asikilize, hata kama ni hadithi ya katuni waliyoona kwenye tivii, iwe zamu. Baba naye apewe zamu yake, wengi hawajawahi kuwaeleza watoto wao walisoma wapi na walitembea kwa miguu umbali gani. Bao mkiwa nalo ni zuri kwa kijana wa 14 na baba yake, mashimo 32 na kete 64, na kama hamna ubao chimbeni kwenye mchanga mtumie komwe au kokoto. Karata pia. Simu mimi nisingezipiga marufuku, ningesema tu zikae kwenye kikapu kimoja cha ndani kutunza chaji kwa dharura, na ya baba iwe ya kwanza kuingia, la sivyo hakuna mtoto atakayekubali.

Haitakuwa tamu kila siku. Siku ya pili ya giza watu wanachoka, joto, mbu, maji ya pampu hayapandi. Siku kama hiyo pika uji na viazi mlale mapema.

Genereta sasa. Kile kigenereta kidogo cha petroli cha wati 1000 ambacho naona ndo unakifikiria hakiwezi jiko lako la induksheni, likifunguliwa mwisho linavuta wati 2000. Kitakuwashia taa, tivii na friji kwa shida, kwa kelele na petroli ya kila siku, alafu moshi wake una gesi ile ile ya kaboni monoksaidi kwaiyo hakiwezi kukaa ndani wala barazani karibu na dirisha, na nyumba yenu ya kupanga sijui utakiweka wapi wezi wasikione. Kwa hela hiyo anza na jiko la udongo, taa mbili za sola, na presha kuka ya kubandika kwenye gesi kwa zile siku za mvua ambazo mkaa hauwezekani. Ikibaki nunua mtungi wa pili wa gesi ukae umejaa, umesimama, na kila ukibadilisha paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanavimba gesi inavuja, funga, fungua milango na usiwashe kitu, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa inalala sakafuni. Induksheni yako usiiuze, umeme ukirudi ndo nishati safi kuliko mkaa wowote. Genereta mwachie yule jirani mwenye friza tatu za samaki, yeye linamlipa.